Nyambizi ya Saruji

Simu ya kwanza kuhusu nyambizi niliipokea nikiwa shimoni. Nilikuwa Newala, uani kwa muuguzi mmoja, namalizia kupiga niru, ule uji laini wa saruji, kwenye kuta za kisima chake cha mvua. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kwetu huku juu maji ni shida tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo mtu akishaezeka bati huchimba shimo kubwa uani, akalijengea kwa saruji, akalifunika na kuacha tundu la kumtosha mtu mmoja kushuka. Masika maji ya paa yanateremkia humo, kiangazi anayachota kwa ndoo. Nilijifunza ufundi huo nikiwa msichana, mradi mmoja wa visima ulipokuja kijijini wakati wanaume wengi wako mashambani wanapulizia mikorosho dawa. Tuliobaki nyumbani ndio tulioshika mwiko, na wengine hatukuuachia tena.

"Wewe ndiye fundi wa visima?" iliuliza sauti ya mwanamume.

"Ndimi."

"Mimi ni mwenyekiti wa kijiji, huku pwani, kusini ya Lindi. Tunataka utujengee nyambizi."

Ndani ya kisima sauti hujirudia, nikadhani nimesikia vibaya. Nikapanda ngazi, nikatoa kichwa nje, nikamwomba aseme tena. Akasema neno lilelile.

"Nyambizi ya vita? Ile inayokwenda chini ya maji?"

"Hiyohiyo. Lakini yetu haitakwenda popote. Itakaa nchi kavu, karibu na kisima chetu cha zamani, iwe ukumbusho."

Alinieleza kwamba pale kijijini kwao anaishi mwalimu mstaafu aliyefundisha Newala miaka mingi, na kwamba mwalimu huyo ndiye aliyenitaja. Nilimkumbuka. Nilimjengea kisima nikiwa bado fundi mchanga, na kila tulipokutana sokoni alikuwa akiniambia hakijavuja. Nikamwambia mwenyekiti nitafikiri. Muuguzi alikuwa amesimama pembeni na beseni la nguo, anacheka kimyakimya.

Jioni nilimweleza mume wangu. Yeye ni mtu wa Chiungutwa, mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache. Aliendelea kumenya muhogo mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Nenda ukaangalie. Ukiona haiwezekani, rudi tuokote korosho."

Basi nikateremka. Nililala Masasi kwa dada yangu, asubuhi nikapanda basi la pwani, na alasiri nilikuwa nimekaa barazani kwa yule mwalimu. Alikuwa amezeeka, mvi tupu, lakini alinisalimu kwa Chimakonde chake cha kuokoteza kama zamani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku amefurahi. Mwenyekiti alikuja na kofia mkononi. Hakunionyesha mahali pa kujenga wala hakuzungumza habari za saruji. Alisema, "Kwanza ukamsikilize bibi."

Bibi huyo alikuwa mkongwe kuliko wote kijijini. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mikoko. Tulimkuta amekaa mkekani anasuka ukili, vidole vinakwenda vyenyewe, macho yake yakitutazama sisi. Nilipiga goti nikamwamkia. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Newala.

"Newala kwenye shida ya maji," akasema.

"Hukohuko, bibi."

"Basi utanielewa." Akaweka ukili chini.

Alisimulia taratibu, na mimi naandika hapa kama nilivyomsikia. Wakati wa vita vya pili vya wakubwa, yeye alikuwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani. Asubuhi moja maji yalikuwa yamekupwa, naye alikuwa mwambani na mama yake wanatafuta pweza. Wakaona kitu cheusi nje ya mwamba, kirefu, kimetulia. Mama yake akasema ni nyangumi. Halafu nyangumi akafunguka mlango mgongoni, wakatoka watu.

"Tulikimbia," alisema. "Mama alinivuta mkono mpaka nikadhani utang'oka. Tulipofika kijijini wao nao walikuwa wamefika ufukweni, kwa kijitumbwi cha mpira. Wanne, watano hivi. Wana ndevu, nguo zinanuka mafuta, na weupe wao ulikuwa wa mtu aliyeugua. Midomo imepasuka. Lugha yao hatukuijua. Mmoja akafanya hivi." Aliinua kiganja mpaka kinywani.

"Wakaomba maji," nikasema.

"Maji tu. Bunduki walikuwa nazo, lakini zilielekea chini. Baba yangu ndiye aliyekuwa jumbe. Aliziangalia bunduki, akaiangalia midomo, kisha akamwambia mama, chota. Mama akachota kisimani kwa kata. Wakanywa mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa kijana, kidevu hakijaota vizuri. Alipomaliza alimrudishia mama kata kwa mikono miwili. Nani alimfundisha vile? Mama alikuwa akiulizana nasi mpaka anafariki."

Wale watu walijaza madumu yao ya bati, wakarudi. Mlango wa mgongoni ukafungwa, na chombo kikazama polepole, yakabaki mapovu. Habari ikafika boma. Jumbe akachukuliwa, akaulizwa kwa nini alimnywesha adui wa mfalme. Alijibu kwamba hakuna aliyemwambia adui anafananaje. Walimweka huko mpaka mahindi yaliyokuwa machanga siku anaondoka yakavunwa na kuwekwa darini. Aliporudi amekonda, watu wa kijiji waliambiana jambo lile lisitajwe. Wakaliita siku ya nyangumi, na watoto waliozaliwa baadaye wakakua wakidhani kweli alikuwa nyangumi.

"Hata mimi nilidhani," mwenyekiti akasema. "Nilijua ukweli nikiwa na watoto wangu mwenyewe."

Usiku huo nilikosa usingizi kidogo, si kwa huzuni. Nilikuwa namfikiria yule mama na kata yake. Kwetu nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiteremka bondeni kuelekea Ruvuma kutafuta maji, tunapanga foleni kwenye vijichemchemi, na mgeni aliyefika nyumbani akaomba maji alipewa, lakini mama yangu alikuwa akiangalia anakunywa kiasi gani. Kijiji hiki hakikuangalia. Nikaamua kazi ile naitaka.

Asubuhi kulikuwa na mkutano wa kijiji, na hapo nikaona kwamba wao wenyewe hawajakubaliana. Mwalimu alifungua kwa maelezo. Alisema nyambizi za mwanzo hazikuwa kama tunazoziona kwenye picha siku hizi. Zilikuwa kama mashua tu, mashua zinazoweza kuzama kwa muda. Juu ya maji zilikwenda kwa injini ya mafuta, chini zilikwenda kwa betri, na betri ikikaribia kuisha na hewa ikachafuka zilikuwa hazina budi kuibuka. Maji ya kunywa yalipimwa. Watu walilala zamu kwenye kitanda kimoja. Alikuwa na picha kadhaa za zamani kwenye simu yake, akazipitisha, watu wakazitazama kwa kuinamiana mabegani.

Kisha akasimama mvuvi mmoja, mtu wa makamo, mpole wa sura. Alisema, "Mimi sina ugomvi na bibi yetu. Lakini babu yangu mzaa baba alikuwa mchochea moto kwenye meli ya mizigo, na katika vita vilevile meli yao haikurudi. Walisema ilipigwa kutoka chini ya maji. Nani anajua kama si haohao waliokunywa maji yetu? Leo niwajengee sanamu?"

Mwenyekiti aliangalia kofia yake. Nikamwona bibi anasaidiwa kuinuka, na aliposimama alizungumza akimwelekea mvuvi peke yake, kana kwamba wako wawili.

"Sijui, mwanangu. Huenda ni hao, huenda si hao. Mimi nilimwona babu yako akiondoka. Aliniletea peremende safari moja. Wale walipewa maji, na babu yako hakurudi. Yote mawili ni ya kwetu. Sitaki moja lifunike lingine."

Nikaona aibu kukaa tu. Mimi nilikuwa mgeni, na nilichokuwa nacho cha kusema kilikuwa cha kifundi. Niliinua mkono nikasema, "Samahani wazee. Nataka kuuliza tu. Kitu hiki kitakuwa na ubavu wa kijijini na ubavu wa baharini. Maandishi mnataka ubavu gani?"

Watu wakatazamana. Mvuvi alinitazama na mimi, akatabasamu kidogo, akasema, "Wa baharini nipeni mimi."

Hivyo ndivyo shauri lilivyokatwa. Ubavu unaotazama kisima utasema habari ya maji, na ubavu unaotazama bahari utawataja mabaharia wa kijiji ambao hawakurudi. Mkutano ulimalizika kwa watu kuzungumzia mambo mengine kabisa, bei ya kamba na choo cha shule.

Nilirudi juu kujitayarisha. Ilikuwa msimu wa korosho, na siku zilizofuata tulikuwa Chiungutwa shambani kwa wazazi wa mume wangu. Asubuhi tunaokota, mchana jua likiwa kali mimi nakaa kivulini nafinyanga udongo, natafuta umbo. Mfano wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulikuwa mnene mno. Mama mkwe alikuja akasimama juu yangu, akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza kama kawaida yake, akaniuliza, "Huo ni muhogo?"

"Ni nyambizi, mama."

"Ya kuliwa?"

Nikamweleza habari yote, ya bibi na ya kata. Alisikiliza mpaka mwisho, akauchukua ule udongo, akaugeuzageuza. Alikuwa mfinyanzi mzuri ujanani. Akaupunguza tumbo kwa dole gumba, akaufanya mgongo uwe bapa, akanirudishia. "Watu wametembea juu yake, umesema. Basi lazima kuwe na pa kukanyaga." Tangu hapo umbo likanikaa kichwani. Jirani aliyepita na baiskeli alisimama akaangalia, akataka kujua likijengwa kubwa litaingia ndoo ngapi. Nilimwambia haliwekwi maji. Alisikitika kweli, akaondoka anatikisa kichwa.

Mbavu za chuma nilizitengenezesha Masasi. Fundi wa kuchomelea alikuwa kijana mchangamfu mwenye kibanda karibu na stendi. Nilimpelekea vipimo na ule mfano wa udongo umefungwa kwenye kanga. Alizikunja nondo kuwa pete, kubwa katikati na ndogo kwenye ncha, akazipanga chini kwa mfuatano, na siku nzima watu waliokuwa wanasubiri mabasi walikuja kuzikagua. Mmoja alisema ni tela. Mwingine alisema ni banda la kuku la mtu mwenye fedha. Fundi alikuwa anawajibu wote kwa sauti ya kawaida, "Ni manowari," na hakuna aliyemwamini.

Tulizipakia kwenye lori lililokuwa linakwenda Lindi kuchukua chumvi. Mimi nilikaa mbele na dereva. Nyuma zile pete zilikuwa zinalia kila tukipita kwenye tuta.

Kule pwani nilikaa kwa mwalimu, na mkewe alinilea kama mtoto. Alfajiri chai ya tangawizi, mchana wali na samaki, mpaka nguo zikaanza kunibana. Vijana wa kijiji walinisaidia kuchimba msingi na kusimamisha mbavu, tukazizungushia waya wa kuku tabaka kwa tabaka, ndani nikaweka magunia ili saruji ishike. Ni namna ileile ya kujenga tangi la juu ya ardhi, tofauti ni kwamba tangi nalisimamisha wima na hili nilililaza. Nilifanya kazi huku naimba. Sikuwa nimewahi kufanya kazi mahali penye upepo mzuri namna ile.

Matatizo yalikuwepo. Tulipopiga ripu ya kwanza, baada ya siku chache yalianza kutokeza mabaka meupe, na ukigonga kwa mwiko inasikika tupu. Mchanga uliokuwa umeletwa ulikuwa na chumvi. Kwetu Newala mchanga hauna habari ya bahari, kwa hiyo sikuwa nimefikiria. Ilibidi tubandue ubavu mzima. Mwenyekiti alitafuta gari, mchanga ukaletwa kutoka mtoni, bara, na mimi nikaketi kusubiri. Nilidhani watakasirika. Mke wa mwalimu alisema, "Afadhali. Utakaa nasi zaidi," akanikaangia vitumbua.

Siku hizo za kusubiri bibi alianza kuja kila asubuhi. Alikuwa analetewa kigoda, anakaa anaitazama. Siku ya kwanza alisema ni fupi.

"Bibi, ni kwa sababu ya eneo. Hapa hapatoshi."

"Ile ilikuwa ndefu kuliko kijiji."

Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba alikuwa mtoto, na mtoto huona vitu vikubwa. Bibi akafikiri, akasema huenda. Lakini kuhusu kile kibanda kinachochomoza mgongoni mwa nyambizi, ambacho mwalimu alikuwa ameniambia nikiweke katikati kabisa, bibi alishikilia kwamba kilikuwa mbele kidogo. Mwalimu alitafuta kwenye picha zake moja baada ya nyingine, akakuta nyingine ziko hivi na nyingine vile. Nikakisogeza mbele. Kuhusu rangi nako walivutana. Picha zilionyesha kijivu, bibi alisema chini ilikuwa nyekundu, ameiona ilipoinuka na wimbi. Tukakubaliana juu kijivu, chini nyekundu, na wote wawili wakaridhika, mimi nikiwa nimeridhika kuliko wao kwa sababu niliona imependeza.

Mchanga ulipofika tuliipiga ripu upya, na safari hii ilishika. Nilikuwa ndani, nalainisha kuta kwa mwanga wa taa ya betri, wakati nilipomsikia bibi nje anamwuliza mtu, "Fundi amepitia wapi?"

Tulikuwa tumeacha mlango mdogo ubavuni, chini ya kibanda, ili watu waweze kuingia na kuangalia. Nikatoa kichwa.

"Niko huku, bibi."

"Nataka kuingia."

Mwenyekiti alianza kukataa, kwamba ataumia, saruji haijakauka, joto. Bibi hakubishana naye. Alinyoosha mkono tu, na mimi nikaupokea. Alikuwa mwepesi kama mtoto wa shule. Tulimpitisha kwa kuinama, yeye akishika bega langu, nikamkalisha kwenye ndoo niliyoigeuza. Mlangoni mwanga uliingia kidogo. Ndani kulikuwa na harufu ya saruji mbichi na jasho langu.

Akapapasa ukuta upande huu na upande huu bila kuinuka, kwa sababu mikono yake ilifika kote.

"Walikaa humu?" aliniuliza.

"Humu, bibi. Yao ilikuwa ndefu, lakini mwalimu anasema upana wa kupita haukuzidi sana huu. Na mitambo ilikuwa imejaa."

"Na wakifunga mlango hewa inatoka wapi?"

"Ni hiyohiyo waliyoingia nayo."

Akatikisa kichwa. Mimi nimezoea kukaa mashimoni, nusu ya maisha yangu nimekuwa chini ya ardhi za watu, na hata siku moja sikuwahi kuogopa, kwa sababu nikiinua macho naona tundu na mbingu. Siku hiyo kwa mara ya kwanza niliwaza kufungiwa, na bahari nzima iko juu.

Bibi akaanza kulia. Hakutoa sauti, machozi yalishuka tu. Nilichuchumaa mbele yake nikamshika magoti.

"Bibi, tutoke?"

"Bado." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Baba yangu aliporudi kutoka boma hakuwahi kutuambia alikuwa anafikiri nini alipomwambia mama achote. Nimekaa na swali hilo miaka yote. Nilikuwa nafikiri labda aliogopa bunduki. Watu walisema hivyo, jumbe aliogopa. Sasa nimekaa humu kidogo tu, na mimi nina kiu."

Nilikuwa na chupa yangu ya maji. Nikampa, akanywa, tukakaa pale mpaka alipokuwa tayari. Tulipomtoa nje alikuwa mchangamfu, akawaambia watu waliokusanyika kwamba humo ndani ni pabaya sana na kila mtu aingie akaone. Wakaanza kuingia. Nilimwona na yule mvuvi, aliingia peke yake akakaa muda mrefu, akatoka, na kuanzia kesho yake alikuwa anakuja baada ya kutoka baharini kunisaidia kuimwagilia saruji maji isikauke haraka.

Maandishi ndiyo yaliyobaki. Ya upande wa bahari yalikuwa rahisi, mvuvi na wazee walikaa wakakumbuka majina ya mabaharia wao. Upande wa kisima kila mtu alikuwa na maneno yake. Mwenyekiti alitaka maneno ya heshima, marefu, yenye amani na urafiki wa mataifa. Mwalimu alikuwa na aya nzima. Walipomsomea bibi alisikiliza zote mbili, akasema ni nzuri, kisha akaongeza, "Ila hamkuandika kwamba walikuwa na kiu."

Tukaandika hivi, nami nilichonga herufi kwa mkono wangu kwenye saruji laini: Watu wa chombo hiki walifika hapa wakiwa na kiu. Jumbe akasema wapewe maji. Wakapewa.

Siku ya ufunguzi mume wangu alikuja pamoja na dada yangu wa Masasi. Walikuwa wamebeba korosho za kubangua, mfuko mzima, zawadi ya kijiji. Kiongozi kutoka wilayani alihutubia, kwa bahati hakuzidisha. Sheikh alisoma dua, na mchungaji aliyekuja na wageni wa kijiji cha jirani akaomba. Baadaye wanawake walichota maji katika kile kisima cha zamani wakayapitisha kwa watu wote waliokuja, wakubwa kwa wadogo. Yalikuwa na kachumvi kwa mbali. Bibi aliyanywa wa kwanza. Kikombe chake alimpa mvuvi, na mvuvi alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, watu wakapiga vigelegele, mimi nikalazimika kuangalia pembeni.

Hotuba zilipoisha watoto waliiparamia nyambizi. Walipanda kwa mkiani wakateleza kwa ubavuni, na kabla ya pilau kuiva rangi ilikuwa imeanza kuchubuka sehemu moja. Mwenyekiti alitaka kuwafukuza. Nilimwambia awaache, saruji ile inahimili tembo. Mume wangu aliizunguka polepole, akaigonga hapa na pale kwa kiungo cha kidole kama anavyogonga fenesi, akarudi kwangu.

"Imeshika," akasema. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Wageni walianza kuondoka alasiri. Dada yangu alikuwa ameshapanga mizigo, gari la kutupeleka barabara kuu lilikuwa linatungoja. Nilimtafuta mume wangu nikamkuta ufukweni, amekunja suruali mpaka magotini, viatu mkononi, mawimbi madogo yanampiga miguuni. Mtu huyu nimeishi naye zaidi ya nusu ya umri wangu, na sikumbuki kama aliwahi kuniomba kitu ambacho si chumvi au kiberiti.

"Gari linasubiri," nikamwambia.

Aliendelea kutazama mbele. "Kesho kuna gari?"

"Kuna la kila siku."

"Basi tulale. Nataka nione maji yakipwa."

Nikaenda kumwambia dada atangulie. Mke wa mwalimu aliposikia akaweka maji ya kuoga jikoni. Tukabaki.